Walipatana na Sisi Tuko Malindi

Watu wa Malindi ya Unguja tunajua saa kwa honi za boti. Ikilia ya asubuhi, mahamali wameshajaa langoni mwa bandari. Ikilia ya jioni, wauza kahawa wa Funguni wanawasha moto. Nimesoma skuli nikizisikia honi hizo, nimeolewa nikizisikia, na hata hivyo nilikuwa sijapata kupanda boti hata siku moja. Bara kwangu ilikuwa sauti za redio na jamaa wanaoshuka na maboksi siku za sikukuu.

Kilichonivusha ni dhiki ya Mamkubwa, dada yake mama yangu, anayeuza kanga na vitenge Darajani. Yeye na wanawake wenzake walimpa fedha mfanyabiashara mmoja wa Dar es Salaam awaletee bidhaa. Bidhaa hazikuja. Kumbe waliopewa ahadi ile walikuwa wengi, Tanga, Morogoro, mpaka Mtwara. Mtu yule akakamatwa pamoja na mwenzake, wakashitakiwa huko huko Dar kwa kujipatia fedha kwa udanganyifu. Mamkubwa aliandikisha maelezo yake, akaambiwa arudi nyumbani asubiri kuitwa shahidi. Akasubiri. Ramadhani ikaja ikaondoka, ikaja nyengine. Siku moja mama mmoja wa Tanga, naye kadhulumiwa, akampigia simu: "Yule mkubwa wao keshatoka. Kapatana na serikali. Mie nimemwona kwa macho yangu, Kariakoo."

Mamkubwa aliiweka simu juu ya rundo la kanga. "Kapatana na serikali," akasema, "juu ya fedha yangu?"

Mimi ni msaidizi wa sheria katika shehia yetu. Kazi yangu ni kuwaandikia watu barua, kuwasomea zile wanazoletewa, na kukaa nao wanapokwenda kwa sheha au mahakamani. Kwa hiyo ilipokuwa lazima mtu avuke naye, hapakuwa na majadiliano marefu.

Tuliondoka na boti ya saa moja asubuhi. Nilidhani nitashangaa nikifika Bara. Nilianza kushangaa kabla hatujaiacha bandari. Boti ilipogeuza pua nikaiona Malindi kwa mara ya kwanza kutoka baharini: majahazi yamebanana, Dispensari ya Ithnasheri na roshani zake za nakshi, Mtini, na mnara wa pia wa msikiti wetu ukichungulia nyuma ya mapaa ya mabati. Vichochoro ninavyopita kila siku havikuonekana kabisa. Nikamshika mkono Mamkubwa nikamwambia, "Kumbe tunakaa pazuri hivi!" Yeye hakugeuka. Alikuwa ameushika mkoba wenye risiti za benki na nakala ya maelezo yake ya polisi.

Tulipofika usawa wa Chumbe wanawake wa upande wetu walinyamaza, wakaanza kusoma. MV Skagit ilizama katika maji hayo Julai 18, 2012, na mwaka uliotangulia Spice Islander ilizama upande wa Nungwi. Mimi nilisoma nilichokijua, mawimbi yakatupa yakatuinua, na baada ya muda mvulana wa boti akapita na mifuko ya kutapikia. Nilihitaji mmoja. Hayo yatosha.

Dar es Salaam ilitokea kwanza kwa minara: ya makanisa mawili ya zamani yaliyo pwani, kisha ya ofisi za vioo, mirefu hata nikaumwa na shingo. Kushuka gatini ni kusukumwa. Kwetu mtu akikugonga atasimama akuombe radhi, na ukimjua mama yake mtaulizana hali. Pale niligongwa na watu wanne na hakuna hata mmoja aliyenitazama. Lakini mwendokasi nimeupenda, siwezi kusema uongo. Basi refu lenye njia yake peke yake, linapita katikati ya foleni ya magari yaliyosimama, na abiria hapigi kelele za "shusha" wala hagongi bodi. Tulipanda Kivukoni tukashuka Magomeni kwa jamaa zetu. Njia nzima nilikuwa nimebandika uso dirishani.

Asubuhi iliyofuata tulikwenda mahakamani. Sitaitaja mahakama yenyewe, wala ofisi nyengine tulizopita, kwa sababu watu tuliowakuta walikuwa waungwana na mambo yaliyotuudhi si ya mtu mmoja. Karani wa masjala alituita "mama" na "dada", akatupa viti, akatafuta jalada. Akasoma kimoyomoyo. Kisha akatwambia: mshitakiwa wa kwanza ameingia makubaliano na upande wa mashtaka. Amekiri kosa moja, mengine yameondolewa. Amelipa faini na ameamriwa kuwarejeshea fedha walalamikaji kwa awamu. Orodha ya walalamikaji ipo.

"Na mimi nimo?" akauliza Mamkubwa.

Alikuwemo. Jina lake limeandikwa vizuri, na mbele yake kiasi cha fedha. Mamkubwa akavaa miwani akakitazama kile kiasi kwa muda, kisha akafungua mkoba akatoa risiti zake. Alituma fedha mara mbili. Iliyoandikwa ni ile ya mara ya kwanza tu.

Karani alisikitika kweli, ilionekana usoni. Lakini makubaliano yameshaandikwa, yameshatiwa saini, hakimu ameshayasajili, hukumu imeshatoka. Yeye si wa kuyabadilisha. Katuelekeza kwa wakili kijana anayetoa msaada wa kisheria bila malipo, ambaye siku ile alikuwa ameshika benchi la nje akila mihogo ya kukaanga kati ya kesi mbili.

Kijana yule nilimpenda kwa sababu hakutufanya wajinga. Alifuta vidole, akatoa kitabu cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai na kutuonyesha vifungu vilivyoongezwa mwaka 2019, vinavyoanzia 194A. Mwendesha mashtaka, vinasema, anaweza kufanya makubaliano na mshitakiwa wakati wowote kabla ya hukumu, baada ya kushauriana na mwathirika au mpelelezi, pale hali inaporuhusu. Nilimwomba asome tena. Akasoma tena. Nikamuuliza: akishauriana na mpelelezi peke yake, ametimiza? Akasema wako watakaokwambia ametimiza.

"Na nani anayesema kama hali inaruhusu?"

"Yeye mwenyewe mwendesha mashtaka."

Mamkubwa alikuwa kimya muda wote. Nikaona nimweleze kwa mambo ya kwetu. Diko la Malindi, nikamwambia, mvuvi akileta samaki hauzi mwenyewe, anauza mnadi. Mnadi ndiye anayejua bei, ndiye mwenye sauti, ndiye anayejua mnunuzi gani mwongo. Basi na mwendesha mashtaka ni hivyo. Mamkubwa akanijibu papo hapo: "Lakini mnadi ananadi mvuvi kasimama pale pale. Anaisikia kila bei. Na ikiwa hakuiridhia, anamwambia, usiuze." Sikuwa na la kuongeza. Yule wakili kijana akasema mfano ule ataupeleka darasani.

Alitushauri tuingie ndani tukatazame, kwani siku ile kulikuwa na makubaliano mengine ya kesi nyengine. Tukakaa benchi la nyuma. Nilikuwa sijapata kuona jambo hilo, na lazima niseme hakimu alinipendeza. Alimuuliza mshitakiwa kwa Kiswahili kilichonyooka: umesoma? Umeelewa? Kuna mtu amekutisha, amekuahidi kitu? Unajua kwamba ukikubali hakuna tena kesi ya kusikilizwa mashahidi, na kwamba huwezi kukata rufaa isipokuwa juu ya uhalali au ukubwa wa adhabu? Kila swali alingoja jibu. Mtu yule aliheshimiwa. Nikawa nasema moyoni, hivi ndivyo inavyotakiwa, na nikageuka huku na huku kumtafuta aliyeibiwa ili nione naye anaulizwa nini. Hakuwepo. Hakuna swali lake katika orodha ile.

Wakili kijana alitueleza kwa nini maswali yale yamekuwa mengi upande mmoja. Septemba 2019 Rais Magufuli aliwapa wanaoshitakiwa kwa uhujumu uchumi siku saba za kukiri na kurejesha fedha ili waachiwe, kisha akaongeza siku saba nyengine. Mkurugenzi wa Mashtaka alitangaza kuwa watu 467 wako tayari kurejesha shilingi bilioni 107.8. Wengi walikuwa wamekaa mahabusu muda mrefu, kwa kuwa shitaka la utakatishaji fedha halina dhamana. Mwandishi wa habari Erick Kabendera, aliyekamatwa Julai 2019, alitoka Februari 2020 kwa njia hiyo hiyo ya makubaliano. Minong'ono ikaenea kwamba kuna wanaosaini ili tu watoke, na watu wakauliza fedha zinakwenda wapi. Kanuni za makubaliano zikatolewa mwaka 2021. Mwaka 2023 Tume ya Haki Jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ikapita nchi nzima kusikiliza malalamiko juu ya polisi, mashtaka na magereza.

Nilisikiliza yote hayo na nikayaona ya haki. Mtu asilazimishwe kukiri. Fedha ya umma isipotee. Lakini niliona pia kwamba mzozo mzima ulikuwa kati ya mshitakiwa na hazina, na muuza kanga wa Darajani hamo. Kesi yenyewe inaitwa Jamhuri dhidi ya fulani, wala hilo si la Bara peke yake. Kwetu Unguja tuna Mkurugenzi wetu wa Mashtaka na sheria zetu za mwenendo wa jinai, mbali na za Bara, na Katiba ya Zanzibar inampa yeye mamlaka ya kufungua kesi, kuichukua na kuiondoa. Aliyedhulumiwa ni shahidi. Akihitajika ataitwa.

Naelewa kwa nini mazungumzo ya namna hii hayafanywi uwanjani. Mshitakiwa anapojaribu kukiri, na mazungumzo yakavunjika, maneno yake yakisambaa mjini hatapata tena kesi ya haki. Majalada ni mengi, mahabusu zimejaa, na fedha inayorudi mwaka huu ni bora kuliko hukumu ya miaka kumi ijayo. Yote nayakubali. Siri baina ya wanaopatana na watu wa nje ni jambo la busara. Ila Mamkubwa si mtu wa nje. Risiti alizokuwa nazo mkobani zingesahihisha hesabu ile kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, kama mtu angepiga simu.

Mamkubwa ana wifi yake Mombasa, mtaa wa Kibokoni, ambaye kila mwaka humwambia aje na kila mwaka huahirisha. Jioni ile Magomeni akasema, "Nimeshavuka bahari. Bora nifike." Nilifurahi kupita kiasi. Tukashughulikia hati za dharura za kusafiria, tukapanda basi la Tanga.

Sikujua kwamba nchi inaweza kuwa ndefu. Unguja ukitoka mjini saa moja na nusu umefika Nungwi, umefika mwisho, mbele ni maji. Hapa basi lilikwenda, likaenda, mashamba ya mkonge yakapita kwa mistari iliyonyooka mpaka macho yakachoka, na bado dereva akasema hatujafika hata Tanga. Milima ya Usambara ilipotokea kushoto nilinyamaza. Mawingu yalikuwa chini ya vilele. Mamkubwa, ambaye hakushangaa na minara ya Dar, hapo alisema "Subhanallah" na akaacha kuhesabu risiti zake.

Mpaka wa Horohoro na Lungalunga tuliupita kwa foleni moja ndefu na maswali mafupi. Upande wa pili Kiswahili kilekile, na bado si kilekile. Mabango ya Kiingereza yakazidi, na polisi akatusalimia "habari zenu akina mama" kwa sauti ya mtu mwenye haraka. Kisha Likoni. Hapo tulishuka, tukaingia ferini na umati ule kwa miguu, bila kulipa hata senti, na nikajikuta navuka maji kuingia kisiwani. Moyo wangu ulitulia. Mamkubwa akanusa hewa akasema, "Sasa hapa ndiyo mji."

Wifi alitupokea kwa mahamri na mbaazi, na kwa malalamiko ya miaka yote ambayo hatukufika. Mwanawe ni karani kwa wakili mmoja. Tulipomsimulia mkasa wetu, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kesho twende naye kortini. Mahakama za Mombasa hazikuwa mbali na Ngomeni. Tulikwenda kwa miguu, jua likiwa bado la upole.

Kule nikaona tofauti ambayo sikuitarajia, kwa sababu nilidhani nchi jirani zina sheria moja na majina mawili. Kenya waliingiza makubaliano ya kukiri kosa mapema, mwaka 2008. Na wao pia waliandika kwamba mwathirika apewe nafasi ya kutoa maoni yake kwa mwendesha mashtaka, isipokuwa hali hairuhusu. Mlango wa kutokea ni ule ule. Lakini hawakuishia hapo. Katiba yao ya 2010 ililitaka Bunge litunge sheria ya kuwalinda waliotendewa makosa. Sheria hiyo ikaja mwaka 2014, na kifungu chake cha 9 kinahesabu haki za mtu huyo moja moja: awepo kesi inapoendeshwa, aambiwe mashtaka ni yapi, atoe maoni yake katika makubaliano yoyote ya kukiri kosa. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu, katika kesi ya mauaji iliyotoka Bungoma, ikasema wakili wa familia ya marehemu anaweza kushiriki kesini, mradi asigeuke mwendesha mashtaka wa pili.

Mtoto wa wifi alinisomea hayo kwenye simu yake tukiwa tumesimama ukumbini. Nikamuuliza kama yanafuatwa. "Si kila siku," akasema. Mtu asiyekuwa na wakili anaweza kukaa Kwale asijue kesi yake imekwishaje. "Lakini siku akijua, ana pa kushika. Anakwenda na kifungu."

Huyo kijana ndiye aliyetusimulia pia habari za Marekani, usiku, wakati wa kahawa. Mwaka 2007, huko Florida, waendesha mashtaka wa serikali kuu walitia saini mkataba wa siri na tajiri Jeffrey Epstein, aliyekuwa akiwadhalilisha wasichana wadogo. Wasichana hawakuambiwa. Mwanzoni mwa 2008 baadhi yao waliandikiwa barua kwamba jambo lao lingali linachunguzwa na wawe na subira. Mkataba ulikuwa umeshatiwa saini miezi iliyopita. Mtu yule alipewa miezi 18 na mahakama ya jimbo, akatumikia yapata 13, tena akiruhusiwa kutoka mchana kwenda ofisini kwake. Na nchi ile ilikuwa na sheria ya haki za waliotendewa makosa tangu 2004! Jaji Kenneth Marra aliamua mwaka 2019 kwamba waendesha mashtaka waliivunja sheria hiyo. Mwaka 2021 mahakama ya rufaa ikasema kinamama wale hawawezi kuidai haki hiyo kwa kesi yao wenyewe, kwa kuwa serikali kuu haikuwa imefungua mashtaka katika jambo lile. Mamkubwa, ambaye Florida haijui, aliuliza: "Waliandikiwa wasubiri? Na kitu kimeshakwisha?" Akawa anatikisa kichwa muda mrefu. Nilijua anaikumbuka Ramadhani yake ya kwanza na ya pili.

Hapo wifi akatuchoma. "Nyinyi Unguja mwalalamikia serikali ya Bara," akasema, "na hizo sulhu zenu je? Mtoto wa kike afanyiwa uovu, wazee wakaa barza, waafikiana, na mtoto yuko jikoni apika chai ya hao wazee."

Mamkubwa alitaka kujibu, nikamwomba aniachie mimi. Kwa sababu ni kweli, na ndiyo kazi yangu ya kila siku. Muhali wetu, ule wa kuoneana haya baina ya ndugu na majirani, ni mzuri mtu akitaka kuazima sukari, na ni mbaya sana mtoto akibakwa. Nimeshuhudia shahidi aliyekuwa na maneno mengi polisi akifika mahakamani hana hata moja, kwa sababu ami yake ameshapokea kitu na ameshatoa mkono. Wanasheria wanawake wa ZAFELA na waandishi wa habari wanawake wa TAMWA Zanzibar wamelipigia kelele jambo hili miaka mingi. Pana kituo cha Mkono kwa Mkono katika hospitali ya Mnazi Mmoja, ili mtoto asizungushwe ofisi hadi ofisi, na mwaka 2021 ikaanzishwa mahakama maalumu ya kesi za udhalilishaji.

Na niliposema hivyo, nikaliona jambo ambalo sikuwa nimeliona nilipokuwa kwetu. Sheria ya Bara inamkataza mwendesha mashtaka kufanya makubaliano katika kosa la kujamiiana lenye adhabu ya zaidi ya miaka mitano, au aliyetendewa akiwa na umri chini ya miaka 18. Ya Kenya inakataza kwa makosa yote ya Sheria ya Makosa ya Kujamiiana. Yaani mwanasheria wa serikali, mwenye shahada na kiapo, amefungiwa mlango ule. Na wazee wa barza, wasio na kiapo wala muhuri, wanauingia wakati wowote wautakao, na hakuna hakimu wa kuwauliza kama yule mtoto ameelewa na hakutishwa. Ndani ya chumba cha mashtaka Mamkubwa alikosa kiti. Barzani kwetu kiti hicho hukosekana vilevile, na anayekikosa ana miaka kumi na mbili.

Wifi hakusema tena. Akaongeza kahawa.

Kilicho chema katika sulhu yetu, pale inapohusu mambo yanayosuluhishika, mpaka wa shamba, deni, matusi ya mtaani, ni kwamba sheha hafungi kikao mpaka amuulize aliyekosewa: umeridhika? Akisema hapana, kikao kinaendelea, hata kama chai imekwisha. Swali hilo halihitaji bajeti. Nililitaka liwekwe mahakamani Dar, baada ya yale maswali mazuri ya hakimu, na liwekwe kwa aliyedhulumiwa mwenyewe, asije baba wala ami kulijibu kwa niaba yake.

Usiku ule ule, juu ya meza ya wifi, tukaandika barua. Mtoto wake alitaka iwe na maneno ya Kiingereza, Mamkubwa akakataa. Tuliomba mambo matatu. Nakala ya makubaliano. Hesabu ya Mamkubwa itazamwe upya kwa risiti zile mbili, kwa njia yoyote ambayo sheria inaruhusu. Na kwa kuwa mshitakiwa wa pili kesi yake bado, tuliomba tuitwe kabla ya makubaliano yoyote kufanywa naye, na kifungu cha 194A tukakitaja kwa nambari yake. Mama wa Tanga tulimsomea kwenye simu, akatwambia tumwandike naye. Basi lilipopita Tanga wakati wa kurudi alitungoja kituoni na kalamu yake mwenyewe, akatia saini dirishani huku kondakta anapiga mluzi.

Dar haikunitisha tena. Niligongwa, nikagonga. Mwendokasi nikapanda kwa kujua kadi inawekwa wapi. Kwenye ofisi tuliyoelekezwa, afisa aliyepokea barua aliisoma yote, jambo ambalo nililihesabu kuwa ni heshima kubwa, akatuuliza maswali mawili ya maana juu ya zile risiti, akagonga muhuri wa tarehe juu ya nakala yetu. Kuhusu mshitakiwa wa kwanza hakuahidi kitu. Alisema atalipeleka kwa wakubwa, na kwamba si rahisi kukifungua kilichokwisha hukumiwa. Kisha akasema kuhusu huyu wa pili, mtaitwa.

"Kabla au baada?" akauliza Mamkubwa.

"Kabla, mama."

"Kwa simu ipi?"

Afisa akachukua jalada, akaandika nambari ya Mamkubwa juu ya ganda lake kwa kalamu nyekundu. Mamkubwa akamwomba aisome. Akaisoma. Tarakimu moja ilikuwa siyo. Mamkubwa akamtajia iliyo sahihi, na yeye akaikata ile ya kwanza akaandika upya mbele yetu.